Dhamana ya Mwenye Kupandisha Mbwa Wakali

Katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera, mfugaji wa Kisomali atakapo kuteua dume la kupandia ngamia wake, ambalo kwa lugha ya kwao huitwa baarqab, hatosheki na kimo chake wala upana wa kifua chake, bali huuliza kwanza habari za mama aliyelizaa: alikuwa akitoa maziwa kiasi gani katika ukame wa Jilaal, alistahimili kiu kwa siku ngapi, alimlea ndama wake au alimkataa, na bibi yake naye alikuwa vipi. Maswali hayo yana majibu, kwa sababu nasaba za ngamia huhifadhiwa vichwani kizazi baada ya kizazi, na wenyewe hupambanua baina ya Hoor, asifikaye kwa maziwa, na aina nyingine kama Siftarr. Ngamia huchukua mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, na mtoto wake wa kike hatarajiwi kuzaa ila apate umri wa miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo aliyekosea kuteua dume leo hatayajua makosa yake hasa mpaka ipite miaka 6 au 7, siku atakapomkama binti wa dume hilo na kukuta maziwa hayatoshi nyumba. Hasara hiyo ni yake na ya wanawe, wala hapati pa kuitupia.

Uangalifu huo ndio uliokosekana katika biashara iliyoenea siku hizi katika miji ya Kenya, ya kupandisha mbwa wenye nguvu, ambao asili yao ni mbwa wa kazi, na kuwauza watoto wao kwa kila mwenye pesa mkononi. Jike la Rottweiler hupandwa na mbwa mchungaji wa Kijerumani wa jirani. Boerboel, mbwa mzito wa mashamba ya Afrika Kusini, huchanganywa na yeyote aliye mkubwa kama yeye. Na watoto wapatikanao huuzwa kwa picha za simu au kando ya barabara za Nairobi, wakisifiwa kuwa watakuwa wakali kuliko baba na wakubwa kuliko mama. Ukali na ukubwa, basi. Habari ya afya, silika na kazi haiulizwi wala haisemwi.

Mkazi wa Waberi au wa Galbet katika mji wa Garissa huenda akaliona jambo hili kuwa liko mbali naye, kwa kuwa nyumba zilizo nyingi za mji huo hazifugi mbwa. Walakin watu wa Garissa wana jamaa, maduka na makazi katika mitaa ya Eastleigh na South C jijini Nairobi. Picha za mbwa wa kuuzwa huwafikia kama ziwafikiavyo wengine. Na haja ya ulinzi wanaijua kuliko wengi. Baada ya msiba wa shambulio la duka la Westgate, Nairobi, wa Septemba 2013, na baada ya ule wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015, ambamo watu 148 waliuawa, ulinzi katika nchi yetu ulibadilika sura, na mbwa wa kunusa mabomu wakawa jambo la kawaida milangoni mwa maduka makubwa na hoteli. Mtu amwonapo mbwa huyo, ametulia kando ya askari wake, humtamani. Asiyoyaona ni miezi ya mafunzo, askari aliyefunzwa pamoja naye, na nasaba iliyochunguzwa kabla hajazaliwa. Humtamani mbwa, kisha akanunua kitu kingine kabisa chenye rangi ile ile.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Wasomali walio wengi na watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo dini haikumfanya mbwa kuwa kiumbe wa kudhulumiwa. Sura ya Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, aliyenyosha miguu yake kizingitini. Na hadithi mashuhuri za Mtume zinamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, huku zikimwonya mwenye kufuga mbwa asiye na kazi ya namna hiyo kwamba thawabu zake hupungua kila siku. Kadhalika bei ya mbwa imekatazwa, na katika madhehebu hayo uuzaji wake haujuzu. Hata asiyekuwa Mwislamu, akiyatafakari hayo kwa insafu, ataona kwamba mizani iliyowekwa ni kazi: mbwa akifungamanishwa na kazi, ana mahali pake na haki zake; akifanywa pambo la fahari au bidhaa ya sokoni, madhara huanza.

Mbwa hawa wakubwa waliumbika kwa kazi, na kazi ndiyo iliyowapa tabia zao. Mnamo 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wa farasi huko Ujerumani, alimnunua mbwa mchungaji aliyempa jina la Horand von Grafrath, akaasisi chama, akafungua daftari la nasaba, na akashikilia kwamba mbwa wa jamii hiyo apimwe kwa ustadi wake wa kuchunga na si kwa uzuri wa umbo peke yake. Rottweiler alipata jina lake katika mji wa Rottweil, alikowasindikiza ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni yao. Boerboel alilinda mashamba yaliyo mbali na msaada wowote, na Malinois wa Ubelgiji, aliyeanza kwa kuchunga kondoo, leo ni miongoni mwa wanaotafuta pembe za ndovu na kufuatia nyayo za majangili. Kutomwamini mgeni, taya lenye nguvu, ushujaa usiorudi nyuma, na hamu ya kazi isiyoisha mchana kutwa: hizo ni sifa njema mahali pake, lakini sifa hizo hizo, zikifungiwa katika ua mwembamba wa nyumba ya kupanga, pamoja na watoto wa jirani wanaorusha mpira ukutani, hugeuka kuwa hatari.

Muuzaji hudai kwamba kwa kuchanganya damu hupata mema ya pande zote mbili. Elimu haimsaidii katika dai hilo. Katika maabara ya Jackson, huko Bar Harbor nchini Marekani, wataalamu John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuwapandisha Basenji, mbwa wa asili ya Kongo asiyebweka kama wenzake, na Cocker Spaniel, mbwa mdogo mpole wa kuwindia ndege. Na kitabu walichokitoa mnamo 1965 kinaonyesha kwamba machotara wa kizazi cha kwanza walikaribiana kwa namna fulani, lakini walipopandishwa wao kwa wao, wajukuu walitofautiana mno, huyu akishika woga wa upande mmoja, yule ukaidi wa upande wa pili, hata walipokuwa wa tumbo moja. Ikiwa wataalamu waliokuwa na kila mbwa katika daftari hawakuweza kutabiri silika ya kila mtoto, seuze muuzaji asiyemjua babu wa dume lake? Tena kosa la Cocker Spaniel ni dogo kwa kuwa mwenyewe ni mdogo. Kosa la mbwa wa kilo 50, aliyerithi taya la mmoja na hofu ya mwingine, laweza kugharimu uhai wa mtoto.

Na si silika peke yake. Rottweiler na mchungaji wa Kijerumani wote wawili husumbuliwa na ugonjwa wa nyonga, ambao mfupa wa paja haukai barabara katika tundu lake, na mbwa akishakua hutembea kwa maumivu. Ugonjwa huo una asili ya kurithiwa, na mpandishaji mwaminifu hupiga nyonga za dume na jike picha za eksirei kabla ya kuwakutanisha. Kuchanganya jamii mbili zenye dosari moja hakuiondoi dosari hiyo. Na mbwa mwenye maumivu huuma upesi, hata akiguswa na anayempenda.

Isidhaniwe kwamba kuchanganya damu ni kosa kwa dhati yake, maana ushahidi wa kinyume umetoka katika nchi hii hii ya Wasomali. Kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi na mafuta matakoni alifika Afrika Kusini katika karne ya 19, akaitwa Mwajemi huko. Na katika miaka ya 1930 na iliyofuata, wataalamu walimchanganya na Dorset Horn wa Uingereza kwa mpango na kumbukumbu, wakiwatenga wasiofaa, mpaka akapatikana Dorper, ambaye leo anajulikana duniani kwa nyama. Lakini Dorper huyo huyo alipoletwa Kenya, na wafugaji wa Kimaasai wakampandisha ovyo kwa kondoo wao mwekundu bila mwongozo wa nini kifanywe baada ya kizazi cha kwanza, machotara wengi walidhoofika katika miaka ya ukame na minyoo, ilhali kondoo mwekundu, mwenye uwezo wa kuistahimili minyoo hiyo, alizidi kuadimika. Mnyama ni mmoja na uchanganyaji ni mmoja. Kilichotofautisha mafanikio na hasara ni kumbukumbu, subira na ujasiri wa kumzuia asiyefaa asizae.

Hata aliyechanganya kwa nia njema aweza kuja kujuta akiisha kuona wenye tamaa wamemfuata. Wally Conron, wa shirika la mbwa waongozao vipofu huko Australia, alimpandisha Labrador na Poodle katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mama mmoja kipofu ambaye mumewe alidhuriwa na manyoya ya mbwa. Na alipokuwa mzee, akiwaona watu wengi wanachanganya mbwa kwa pesa bila kupima afya yao, alitangaza hadharani kwamba kazi hiyo ndiyo majuto ya maisha yake.

Fauka ya hayo, kuna jambo la kasi. Kosa la ngamia hutembea polepole na kukaa na mwenyewe. Jike la mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, aweza kupata joto kabla hajatimiza mwaka mmoja, na wa jamii kubwa huzaa watoto 8 au zaidi kwa tumbo moja. Hivyo katika miaka ile 6 ambayo mfugaji wa ngamia angali anangoja kuyaona matokeo ya uteuzi wake, mpandishaji wa mbwa amekwisha kutawanya makumi ya watoto, nao watoto hao wamekwisha kuzaa, na yeye hajui hata mmoja yuko wapi. Faida amekwisha kuitia mfukoni. Hasara iko katika nyua za watu wengine.

Madhara huzidi pale watoto hao wanapotengwa na mama yao mapema mno. Scott na Fuller hao hao walithibitisha kwamba baina ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza nani si adui: watu wazima, watoto, sauti za nyumba, mbwa wenzake. Anayenyakuliwa katika wiki ya 5, akasafirishwa katika sanduku, kisha akafungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, hukua akimwogopa kila mtu, na woga wa mbwa mwenye nguvu ndio uumao. Mwenyewe akishamwogopa, humfungulia usiku au humtupa pembeni mwa mji, naye hujiunga na mbwa koko, ambao aghalabu hawajachanjwa. Ikumbukwe kwamba mbwa ndio wasababishao takribani vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa wanadamu, na kwamba mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huo, wa 2014 hadi 2030, umetegemea kuchanjwa kwa mbwa 70 katika kila 100. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, maana dalili zikishatokea hakuna tiba inayotegemewa.

Wako wanaodhani sheria ya kupiga marufuku jamii fulani itatosha. Uingereza ina sheria ya mbwa hatari tangu 1991, na mwishoni mwa 2023 ikamwongeza American Bully XL, chotara mkubwa aliyetengenezwa na watu wa zama zetu. Lakini muda wa miaka 30 na zaidi kati ya marufuku hizo mbili unaonyesha kwamba jamii moja ikifungiwa mlango, wapandishaji huunda nyingine. Lililo muhimu zaidi ni kumfunga kwa dhamana mtu mwenyewe apandishaye: awe na kibali cha kaunti, aonyeshe vyeti vya chanjo na vya nyonga, asiuze mtoto wa chini ya wiki 8, na awe tayari kumpokea tena mbwa aliyemshinda mnunuzi. Mnunuzi naye amwone mama wa mbwa kwa macho yake, aulize tabia yake, na asipoonyeshwa aondoke. Asiyekusudia kuzalisha amhasi mbwa wake kwa daktari wa mifugo.

Kwa watu wa Garissa, ambao fisi huwapunguzia mbuzi kila mwaka, kuna mfano unaofaa kuangaliwa. Tangu 1994 shirika la kuhifadhi duma huko Namibia limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Kituruki walindao mifugo. Kila mtoto wa mbwa huwekwa pamoja na mbuzi tangu utotoni, mfugaji hufunzwa, na mbwa hufuatiliwa baada ya kukabidhiwa. Huyo ndiye mbwa mwenye kazi, nasaba na mtu wa kumwulizia. Wafugaji wa kaskazini mashariki hawana haja ya kufundishwa maana ya mambo hayo matatu, kwa kuwa ndiyo wanayoyadai kwa kila dume la ngamia. Na ikiwa wao, kwa sauti yao katika mabaraza ya kaunti na misikitini, watayadai kwa mbwa vile vile, watakuwa wamewahifadhi watoto wao na kuuondoa ukatili ambao mnyama huyo hakujichagulia.