Marekani: Milima, Mvua na Miji Mikuu, kutoka Sacramento hadi Topeka

Watahiniwa wengi hukariri majimbo ya Marekani na miji mikuu yake, kisha hukwama swali linapoanza na "kwa nini". Fungua atlasi yako. Tafuta Sacramento, mji mkuu wa California (si Los Angeles, kosa linalojirudia), halafu Carson City, mji mkuu wa Nevada. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 160 tu. Hata hivyo, Sacramento imezungukwa na mashamba ya mpunga, lozi na nyanya, ilhali Carson City iko ukingoni mwa jangwa.

Kinachoitenganisha miji hiyo ni safu ya milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Mount Whitney, kina mita 4,421. Pepo huvuma kutoka Bahari ya Pasifiki zikiwa na mvuke mwingi. Zikifika milimani hulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na mvua au theluji huanguka upande wa magharibi, sehemu nyingi za juu zikipata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ikishavuka kilele, hewa hushuka, hupata joto na kukauka. Ndiyo maana Carson City hupata takribani milimita 250 tu. Upande huo huitwa kivuli cha mvua. Usiandike "milima huzuia mvua" ukaishia hapo. Eleza hatua zote, maana alama ziko humo.

Sacramento yenyewe hupata mvua zake nyingi wakati wa baridi, na kiangazi chake ni kikavu: hiyo ni tabianchi ya Mediterania. Mashamba hutegemea theluji ya Sierra Nevada inayoyeyuka na kujaza mito na mabwawa. Mwaka wa theluji kidogo ni mwaka mgumu kwa mkulima.

Mashariki ya Sierra Nevada kuna Great Basin, ambako mito haifiki baharini. Great Salt Lake, karibu na Salt Lake City, mji mkuu wa Utah, hupoteza maji kwa kuvukizwa tu, na chumvi hubaki.

Ukivuka milima ya Rocky unafika Denver, mji mkuu wa Colorado, uliopo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini kwenye tambarare, si kileleni. Kutoka hapo nchi huteremka polepole hadi Topeka, mji mkuu wa Kansas, na mvua huongezeka ingawa Pasifiki iko mbali zaidi. Mvuke huu hutoka kusini, Ghuba ya Meksiko. Hakuna milima ya kuuzuia, wala ya kuzuia hewa baridi kutoka Kanada. Hewa hizo mbili zikikutana, hasa majira ya kuchipua, huzuka dhoruba kali na tonado. Magharibi mwa Kansas, penye ukame zaidi, utakuta ngano na ng'ombe. Mashariki, mahindi na soya.