Paa la Noah, Buti la Premio

Egesha Toyota Noah na Toyota Premio ubavu kwa ubavu katika kituo chochote cha mafuta mjini Garissa, kisha pima upana wa kila moja. Kwa matoleo ya kawaida utapata namba moja: milimita 1,695.

Hiyo si sadfa. Magari yote mawili yalibuniwa kwa soko la Japani, ambako kuna daraja la magari madogo: yasizidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana na mita 2 kwa kimo, na injini ya petroli isipite cc 2,000. Likizidi hapo, gari huhamia daraja la juu. Wabunifu wamejibana humo humo. Noah iliyotengenezwa kuanzia 2014 hadi 2021 ina urefu wa mita 4.695, yaani imeusogelea mpaka huo ikabakiza milimita 5. Premio ya 2007 hadi 2021 ina mita 4.6 hivi. Kwa hiyo ukiambiwa Noah ni gari kubwa, kumbuka kwamba ardhi inayoikalia ni karibu ileile. Tofauti iko juu: kimo cha Noah ni mita 1.825, cha Premio ni 1.475.

Sentimita hizo 35 hubadilisha namna mtu anavyoketi. Ndani ya Premio kiti kiko chini, miguu hunyooshwa mbele, na kila safu ya viti hula sakafu nyingi. Paa likiinuliwa, kiti nacho huinuliwa. Abiria hukaa wima, magoti yamekunjwa, nyayo ziko karibu na kiti chenyewe. Mtu wa namna hiyo anahitaji sakafu fupi. Boneti nayo imefupishwa na buti limefutwa kabisa, ndiyo maana safu tatu zinaenea mahali ambapo Premio ina mbili.

Kwa vipimo vya Toyota, chumba cha Noah hiyo kina urefu wa mita 2.93, upana wa 1.54 na kimo cha 1.40. Ukizidisha unapata mita za ujazo 6.3 hivi. Cha Premio, tukikadiria mita 2 kwa 1.45 kwa 1.2, ni kama 3.5. Hapa ndipo muuzaji wa magari angependa uache kuhesabu. Noah yenye viti vinane ikijaa, kila mtu anapata mita za ujazo 0.79. Premio ikijaa watu watano, kila mmoja anapata 0.70. Utingo akishamsukumiza mtu wa tisa ndani ya Noah, hesabu nayo inashuka hadi 0.70. Nafasi inayosifiwa sana ni ya mwenye gari la familia, anayesafiri na watu watano au sita. Abiria anayelipa nauli haioni kamwe.

Sasa tuingie barabarani. Barabara huteremka kutoka Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikapita Thika, Matuu na Mwingi hadi Garissa, kwenye mita 150 hivi. Ni kilomita zipatazo 370, na ukishaiacha Mwingi hewa inakuwa nyingine. Mchana wa Februari au Machi, nyuzi 35 na zaidi si habari Garissa. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Watu wanane wanatoa 800 kabla jua halijapiga vioo, na vioo vya Noah ni vipana. Premio hupoa upesi kwa kuwa hewa ya kupozwa ni kidogo na abiria wa nyuma hayuko mbali na dashibodi. Noah nyingi zina AC ya pili kwa ajili ya nyuma. Ikifa, safu ya tatu ni adhabu. Anayenunua Noah aende kuijaribu saa saba mchana, aketi safu hiyo ya mwisho, gari likinguruma bila kutembea, na asishuke upesi. Zile za 1996 hadi 2001 zina injini chini ya viti vya mbele: dereva huchomwa na jua kwa juu na injini kwa chini.

Kuna starehe nyingine ambayo sidhani wabunifu wa Japani waliiwazia. Katika njia hii abiria huteremshwa kwenye vizuizi vya polisi ili waonyeshe vitambulisho. Wanapanda, na mbele kidogo wanateremshwa tena. Kwa ayeyo (bibi, kwa Kisomali) mwenye magoti mabovu na buibui refu, kutoka kwenye kiti cha Premio ni kujikwamua shimoni. Noah ina mlango wa kusukuma, na kiti kiko karibu na kimo cha nyonga. Anageuka, anashusha mguu. Lakini wa safu ya tatu hatoki mpaka wa safu ya pili wainuke na kiti kikunjwe. Ayeyo akae katikati.

Katikati pana faida nyingine. Safu ya tatu iko karibu juu ya ekseli ya nyuma, na kila tuta hupanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Kwenye kona na upepo wa ubavuni Noah huyumba zaidi kwa sababu ya kimo chake, na mizigo juu ya keria huzidisha. Premio imetulia chini. Kwa watu wanne wanaokwenda Nairobi kwa lami, mimi ningechagua Premio bila kusita.

Na ningeichagua kwa ajili ya buti. Noah ni chumba kimoja. Safu zote zikikaliwa, nyuma hubaki upenyo wa mabegi machache, na mitungi ya maziwa ya ngamia itasafiri pamoja na pua za watu. Dereva akikanyaga breki ghafla, mzigo uliorundikwa hauna kizuizi ila vichwa vya waliokaa mbele yake. Premio inaufungia mzigo nyuma ya ukuta wa kiti. Kwenye vumbi la kuelekea Dadaab, ule mlango mpana wa nyuma wa Noah ukichoka mpira wake huvuta vumbi ndani, kwani nyuma ya gari la umbo la sanduku hewa huzunguka na kulirudisha.

Limebaki suala la upande wa kukaa. Barabara inakwenda takriban mashariki na magharibi, na Garissa iko karibu kabisa na ikweta. Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini: anayekwenda Nairobi hulipata kuliani, anayerudi kushotoni. Desemba ni kinyume chake.