SOMO LA LEO: AMANA YA NYUMBA NI MALI YAKO

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni neno hili: AMANA. Sasa someni wote pamoja: a-ma-na.

Amana ni kitu ulichompa mtu akutunzie, nawe utakuja kukichukua. Ukipanga chumba, mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa mbele. Pengine hutaka na fedha nyingine ya kukinga uharibifu. Fedha hizi ni mbili, tusizichanganye. Kodi ni malipo ya kukaa. Amana si malipo, ni mali yako iliyo mikononi mwa mwenzako. Siku ya kuhama, kama huna deni wala hukuharibu kitu, unastahili kurudishiwa yote.

Tuseme mama mmoja muuza maandazi alipanga chumba Manundu, Korogwe. Alitoa Sh. 240,000/=. Kodi ya miezi 6 ilikuwa Sh. 180,000/=, na amana Sh. 60,000/=. Hakuandikiwa kitu. Miezi 6 imekwisha, anahamia Chanika, Handeni, naye anadai amana yake. Mwenye nyumba anajibu, "Amana ipi? Kodi ilikuwa Sh. 40,000/= kwa mwezi."

Fanyeni hesabu: 40,000 mara 6 ni ngapi? Ni 240,000. Hesabu yake nayo imetimia! Basi nani ataaminiwa? Mmeona, ndugu zangu: mama huyu hakupoteza fedha yake siku ya kuhama. Aliipoteza siku ya kulipa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria yasemaje? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo mapatano yenu wenyewe yana nguvu sana. Kupanga kwa muda usiozidi mwaka mmoja kwaweza kufanywa hata kwa mdomo. Lakini mdomo hausomeki barazani. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu. Kioo ulichokivunja ni deni lako.

Sasa fungueni madaftari, mwandike:

"Leo, tarehe ....., mimi ..... nimepokea kwa ..... kodi ya miezi ....., Sh. ....., na AMANA, Sh. ..... Amana nitairudisha siku atakapohama, nikiondoa tu gharama ya alichoharibu na kodi anayodaiwa. Sahihi za wawili. Mashahidi wawili."

Andikeni nakala mbili, kila mtu abaki na yake. Usitie dole gumba wala sahihi kabla hujaisoma fedha kwa tarakimu na kwa maneno.

Siku ya kuingia, kagueni pamoja mlango, kufuli, madirisha na taa, mkaandike hali yake. Siku ya kutoka, kagueni tena kwa karatasi ileile, ndipo urudishe ufunguo.

Je, akikataa? Usigombane. Mwendee na shahidi, umkumbushe kwa adabu. Akishikilia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Baada yake liko Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021, katika migogoro ya ardhi na nyumba, kazi yake ni kupatanisha, si kuhukumu. Msipopatana, muulize msaidizi wa kisheria: huyu hutoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo. Atakuonyesha kama shauri lako ni la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au la mahakama. Nenda na karatasi yako.

Maswali ya kujadili:
1. Kodi na amana zatofautianaje?
2. Mama yule angefanya nini siku ya kulipa?
3. Wewe uliyepanga, karatasi yako iko wapi?

Kama huna, mwendee mwenye nyumba wako jioni hii, mkaiandike wakati mngali mnapatana. Kwaherini.