Usingizi Baada ya Kichwa Kutikisika

Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki, au akigongwa kichwa uwanjani, jamaa zake aghalabu hutazama damu. Na wasipoiona, humshukuru Mungu na kudhani kuwa mambo yamekwisha, ilhali ubongo, ulio laini ndani ya fuvu gumu, huenda umetikisika na kazi zake kuvurugika, hata kama picha za hospitali hazionyeshi ila yoyote.

Mtikisiko huo huharibu usingizi kwa namna mbili zilizo kinyume: siku za mwanzo majeruhi huweza kulala mno, kisha akawa hapati hata lepe la usingizi, huku mwanga ukimkera na hamaki zikimzidi, na kukosa usingizi huzidisha maumivu, nayo maumivu hufukuza usingizi.

Watu wazima wengi hupona kwa muda wa wiki 2 hivi, na watoto wiki 4. Lakini wapo wanaokawia miezi, wala hao si wavivu wala wazushi.

Tabibu akishampima majeruhi na kuona hana hatari, hakuna haja ya kumkesheza, kwani kulala ni tiba. Apumzike saa 24 hadi 48, kisha arejee shughuli nyepesi taratibu. Alale na kuamka kwa saa maalumu, na aepuke kahawa jioni. Lakini akitapika mara kwa mara, akapatwa na kifafa, au asiamshike, apelekwe hospitali bila ya ajizi.