Tegesha

Wasomaji wetu wa visiwani, waliozoea ugomvi wa mialo, huenda hawalijui neno "tegesha". Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, Genkuru kikiwamo, neno hilo ni la kila siku. Uvumi ukienea kwamba mgodi huo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, utapanuliwa, nyumba huchipuka mashambani kama uyoga: juu mabati, ndani hamna hata mafiga. Nyumba hiyo si ya kulala mtu; imetegeshwa inase fidia.

Hatuungi mkono ulaghai huo. Lakini tuseme kweli: mtego hutegwa penye njia ya mnyama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Mthamini akishapita, mkulima wa kweli huambiwa asiendeleze eneo lake; malipo yakichelewa, migomba huzeeka, paa huvuja, naye hutazamwa sawa na mtegeshaji. Waheshimiwa wa ardhi, tangazeni mipaka na tarehe ya uthamini kabla uvumi haujafika sokoni, na mwenye mafiga alipwe kwanza.