Je, Wajua? Saa ya ukutani na bajeti isiyokwisha

Je, wajua kwamba Marekani kuna mbunge aliyewahi kupigana na saa ya ukutani? Ilikuwa mwaka 1964, katika Bunge la jimbo la Georgia mjini Atlanta. Siku ya mwisho ya kikao ilikuwa inayoyoma, muswada wa kugawa upya maeneo ya uchaguzi haujapigiwa kura, na ikifika saa sita usiku Bunge lingepaswa kufungwa. Mheshimiwa Denmark Groover, mwanasheria kwa kazi, akapanda roshani ya wageni, akainama juu ya ukingo mpaka nusu ya mwili wake ikawa inaning'inia, akaunyoosha mkono aishike ile saa na kuisimamisha. Saa ikatoka ukutani, ikaenda chini, ikavunjika. Mpiga picha wa gazeti alimnasa akiwa vilevile, tumbo juu ya ukingo na mkono kwenye saa.

Groover alifanya hivyo kwa vishindo, ila mchezo wenyewe wa kusimamisha saa ni wa zamani katika mabunge ya majimbo. Kwa kawaida huchezwa kimyakimya: saa inakatiwa umeme, au inafunikwa kitambaa, na mjadala unaendelea. Kumbukumbu rasmi zitaandika kwamba Bunge lilifungwa kabla ya saa sita usiku, hata kama nje jogoo wanawika. Mahakama za majimbo kadhaa zilipoulizwa, zilijibu kwamba hazichungulii nyuma ya kumbukumbu za Bunge; kilichoandikwa humo ndicho kilichotokea. Mzee wa Pwani angewacheka. Kwa hesabu ya Waswahili siku ilishageuka tangu jua lilipozama, kwa hiyo saa sita usiku hakuna tena cha kusimamisha.

Kwa nini basi wasijipe muda wa kutosha tangu mwanzo? Sababu ni kwamba majimbo mengi hayataki wabunge wa kudumu. Texas, yenye watu takriban milioni 30, Bunge lake hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja tu kila baada ya miaka 2, kwa siku zisizozidi 140. New Hampshire humlipa mbunge dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba yake mwaka 1889 na hakijaguswa hadi leo. Mtu wa malipo hayo ana shamba au duka linalomngoja nyumbani.

Bajeti nayo haijali shamba la mtu. Majimbo 46 kati ya 50 huanza mwaka wa fedha Julai 1, kama ilivyo Dodoma, Nairobi na Kampala. Ndiyo maana majimbo kadhaa yamejitungia milango yao ya dharura. Florida ina kikao cha siku 60, na kukiongeza kunahitaji kura za tatu ya tano ya wabunge. Mwaka 2025 kikao kilichopaswa kumalizika Mei 2 kilivutwa na kuvutwa, bajeti ikapita Juni 16. Maryland imebana zaidi: zikibaki siku 7 na bajeti bado, gavana anatakiwa kutangaza nyongeza ya muda, na ndani ya nyongeza hiyo hakijadiliwi kitu kingine isipokuwa bajeti. Mimi naona hiki ndicho kifungu chenye akili kuliko vyote, maana mbunge aliyezoea kuchomeka muswada wake dakika za mwisho anakuta mlango umefungwa.

West Virginia ina kanuni inayofanana na hiyo, ila haikuwaokoa na sinema ya Aprili 2017. Gavana Jim Justice, tajiri wa makaa ya mawe, aliitisha waandishi wa habari, akaletewa sinia lenye kifuniko cha kung'aa, kama la hotelini. Alipofunua, waliona nakala ya bajeti iliyopitishwa na wabunge, na juu yake kinyesi cha fahali. Cha kweli, si cha plastiki. Ndivyo alivyoikataa kwa kura ya turufu.

Na muda ukiisha kabisa? Majimbo mengine, kama Wisconsin, huendelea kutumia bajeti ya zamani, wala mwananchi hahisi kitu. Mengine hufunga ofisi. Mwaka 2006 kasino za Atlantic City zilifungwa siku 3 kwa sababu wakaguzi wake ni waajiriwa wa jimbo la New Jersey, na bila mkaguzi kamari ni haramu. Jimbo hilohilo lilifungwa tena Julai 2017, fukwe zinazomilikiwa na jimbo zikapigwa marufuku kwa umma, halafu ndege ya gazeti ikampiga picha Gavana Chris Christie akiwa amejinyoosha kwenye kiti, pamoja na familia yake, katika ufukwe mtupu wa jimbo. Alikuwa amewaambia waandishi kwamba siku hiyo hakupata jua. Picha zilipotoka, msemaji wake alieleza kwamba kweli hakupata jua: alivaa kofia.

Minnesota mwaka 2011 ilifungwa siku 20. Watumishi wapatao elfu 20 walikaa nyumbani, lakini kilichowashtua wengi ni bia. Kampuni kubwa ya bia ilikuta usajili wa nembo zake 39 umekwisha na hakuna karani wa kuuhuisha, ikaambiwa iondoe bidhaa zake madukani na kwenye baa. Habari hiyo ilivuma katikati ya Julai, na siku chache tu baadaye gavana na viongozi wa Bunge wakaelewana. Wenyewe hawakusema ni bia. Mimi nasema ilisaidia.

California iliona heri kugusa mfuko wa mbunge mwenyewe. Mwaka 2010, baada ya bajeti kuchelewa siku 100, wapiga kura walipitisha kwamba isipopita kufikia Juni 15, wabunge hawalipwi kwa kila siku inayozidi. Mwaka uliofuata walikatwa mishahara ya siku 12.

Bingwa wa kuchelewa ni Illinois: siku 736 bila bajeti kamili, kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017. Hata bahati nasibu ya jimbo iliishiwa kibali cha kutoa pesa. Aliyeshinda zaidi ya dola 25,000 alifika na tiketi yake halali, namba zote sawasawa, akaambiwa asubiri bajeti. Baadaye kikomo kikashushwa hadi dola 600. Baadhi ya washindi walikwenda mahakamani. Na muda wote huo, madukani, tiketi mpya ziliendelea kuuzwa.