Nyaya za Usukani wa Mkia: Pima Kwanza, Kaza Baadaye

Anayerusha ndege ya rimoti Singida hujua mapema umuhimu wa usukani wa mkia, kile kibao kinachosimama wima nyuma ya ndege. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na upepo wake wa mashariki, ule ule uliowavuta wapangaji wa miradi ya umeme wa upepo, hauna huruma kiangazi. Ndege inayotua huku ikipigwa ubavuni hutegemea kibao hicho kuiweka pua kwenye mstari. Hewa nayo ni nyepesi: katika mwinuko huo uzito wake ni pungufu kwa kama asilimia 14 kuliko pale Dar es Salaam. Kibao hupata hewa haba ya kusukuma, na ndege hugusa ardhi ikiwa na mwendo mkubwa zaidi.

Ndege ndogo za kuanzia hutumia fimbo moja kati ya kibao na sevo, yaani mota ndogo inayotii amri ya rimoti. Ndege ikiwa kubwa, fimbo ndefu hupinda inaposukuma. Kuihamishia sevo mkiani nako kuna gharama, kwani mkia uko mbali na bawa kuliko pua, na kila gramu unayoiweka nyuma hudai gramu mbili tatu za risasi mbele. Ndiyo maana wajenzi wengi huiacha sevo chini ya bawa, wakavuta nyaya mbili hadi mkiani, moja kila upande. Waya hausukumi, huvuta tu, kama hatamu za punda wa mkokoteni: wa kulia ukivuta, wa kushoto unaachia.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani kazi ni kukaza. Kazi ni vipimo, na kipimo kinachotawala vingine vyote ni mahali yalipo matundu ya pembe ya kibao, yaani kile kipande kinachofungiwa waya. Matundu yote mawili yanatakiwa yakae usawa wa mstari wa bawaba, si mbele wala nyuma yake, na mkono wa sevo uwe na matundu yaliyoachana kwa nafasi ile ile. Yakikaa hivyo, nyaya na mikono yake hufanya msambamba, na mkazo haubadiliki kibao kikigeuka. Matundu yakisogea mbele ya bawaba, kuelekea sevo, nyaya zote mbili hukazika kila kibao kinapogeuka. Sevo huanza kupigana na nyaya badala ya upepo, hula betri na mwishowe huungua. Yakirudi nyuma ya bawaba, waya unaoachia hulegea kibao kikifika mwisho. Kasoro hii ya pili inavumilika, maana waya unaovuta bado umekaza na upepo unaushikilia. Ya kwanza haivumiliki.

Kwa hiyo anza na umeme. Washa rimoti, acha sevo ijiweke katikati, ndipo ufunge mkono wake ukiwa pembemraba na mwili wa ndege. Kibane kibao katikati kwa vijiti viwili na utepe wa karatasi wenye gundi. Sasa pima waya. Waya wa chuma uliovikwa nailoni, ule wanaoutumia wavuvi mbele ya ndoana, unafaa sana. Mshipi wa nailoni mtupu haufai kabisa kwa sababu hurefuka ukivutwa. Upitishe kwenye kibomba cha shaba, uzungushe kwenye tundu, urudishe ndani ya kibomba, kisha ukibane kwa koleo na kukitia tone la supaglu. Upande wa sevo weka kishikizo chenye skrubu ili urekebishe baadaye. Nyaya zinaweza kupishana ndani ya mwili wa ndege ili zitoke vizuri mkiani, mradi zisisuguane. Mwelekeo ukigeuka, rimoti huurudisha.

Kaza mpaka ulegevu uishe katikati, basi. Sevo ikinung'unika wakati hujagusa kitu, umezidisha.

Jambo jingine ni jua. Mwili uliojengwa kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni hutanuka kwa joto mara tano au zaidi kuliko chuma. Asubuhi ya Juni au Julai Singida kuna baridi, na saa saba mchana ndege iliyoachwa juani ina moto. Tofauti ya nyuzi 20 kwenye urefu wa mita moja huongeza zaidi ya milimita moja kwenye povu, ilhali waya hauongezeki hata theluthi ya milimita. Nyaya ulizozikaza alfajiri ndani ya nyumba zitakuwa zimekakamaa uwanjani. Zirekebishe pale pale unaporushia. Mafundi wa ndege kubwa wanalijua hili: mwili wa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ndiyo maana hupima mkazo wa nyaya kwa chombo maalumu na kuulinganisha na jotoridi la wakati huo.

Madhara ya uzembe yako kwenye kumbukumbu. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba nyaya za kibao cha kupandisha na kushusha pua zilikuwa zimerekebishwa vibaya kwenye matengenezo siku chache kabla, kikawa hakishuki hadi mwisho. Mzigo nao ulikuwa umeelemea nyuma. Jaribio kamili la vibao baada ya matengenezo lingeionyesha kasoro hiyo ndege ikiwa bado chini.

Jaribio hilo kwa ndege ya rimoti halimalizi dakika. Simama nyuma ya mkia, sukuma kijiti kulia hadi mwisho, na kibao kielekee kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Tikisa kibao kwa vidole kikiwa katikati. Kagua kama waya umekatika uzi hata mmoja kwenye kibomba, na ukiukuta, badilisha waya mzima. Suala la kibali cha kurusha uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hujaenda uwanjani, na kaa mbali na kiwanja cha ndege cha Singida.